Kito cha Kale na Daftari Lake

Hotuba ya Katibu, iliyosomwa mbele ya wanachama siku ya kutimiza miaka kumi ya Umoja wetu



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya kazi iliyouanzisha Umoja huu, yaani kununua mapambo ya kale yenye vito, kuyatengeneza upya na kuyauza kwa faida ya wote. Hatukusudii kujisifu. Miaka kumi yatosha mtu kueleza aliyoyafanya vema, na aliyoyakosa pia.

Tulipoanza, mafundi wetu walikuwa na ujuzi mikononi lakini hawakuwa na mtaji. Dhahabu mpya ilikuwa ghali, na mawe mapya yalichukuliwa na wenye uwezo kabla hayajatufikia. Ndipo mzee mmoja alipotukumbusha desturi ya masonara wa pwani, ambao zamani waliyeyusha reale za fedha zenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, wakafua bangili na vikuku. Akasema, “Fedha haizeeki, huzeeka umbo lake.” Maneno hayo yakawa msingi wetu.

Vitu hivyo twavipata wapi? Kwanza ni majumbani baada ya mirathi, maana kidani kimoja hakigawanyiki kwa warithi watatu. Pili ni katika masanduku ya masonara, ambamo hukaa herini isiyo na mwenzake na pete iliyokatika. Tatu ni minadani, na hata vibandani mwa wauza mitumba, ambako mara chache kito cha kweli hulala kati ya vigae.

Kukitambua ndiko kazi. Twaanza na chuma chenyewe: dhahabu yenye alama 375, 585, 750 au 916 yaonyesha sehemu za dhahabu safi katika kila sehemu 1000, na fedha nzuri huwa na 925. Lakini alama yaweza kupigwa na mwongo, basi hatuiamini peke yake. Kisha twatazama kito kwa kioo cha kukuzia. Tukiona mapovu ya mviringo ndani yake, aghalabu ni kioo tu. Tena twatazama kingo zake, kwa kuwa kioo hulika upesi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, almasi ni 10, yakuti ni 9, na kioo hakizidi sana 5. Hata hivyo hatukwaruzi kito cha mtu ili kukijaribu. Huo si utambuzi, ni uharibifu.

Kito kimoja chatuhusu zaidi, nacho ni tanzanaiti, iliyogunduliwa mwaka 1967 huko Mererani, na ambayo mpaka leo haichimbwi kwa biashara mahali pengine popote duniani. Ukiigeuza mwangani, upande mmoja huonekana buluu na upande mwingine zambarau. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7, kwa hiyo hata vumbi lenye chembe za mchanga laweza kuikwaruza ukiifuta kwa kitambaa kikavu. Juu ya hayo, haivumilii badiliko la ghafla la joto. Jambo hili la mwisho tulilijifunza kwa gharama.

Katika mwaka wetu wa tatu, mama mmoja mjane alituletea pete ya dhahabu aliyoachiwa na mumewe. Alitaka igeuzwe kidani cha kumvisha binti yake siku ya arusi. Karani wetu aliandika katika stakabadhi maneno manne tu: “Pete moja, jicho buluu.” Fundi naye, kwa haraka, akatia lehemu na moto bila kukitoa kito. Kikapasuka vipande viwili.

Mabibi na mabwana, twaona haya kuyasema yaliyofuata, lakini kuyaficha ni haya kubwa zaidi. Wako miongoni mwetu waliotaka mama yule aambiwe kuwa kito kilikuwa kioo. Daftari letu halikuwa na neno la kuwapinga. Tulibishana mpaka usiku, hata mzee mmoja akavichukua vile vipande na kuvigeuza karibu na taa: buluu, kisha zambarau. Chumba kikanyamaza.

Tuliamua kumlipa kwa gawio letu la mwaka ule, na kipande kikubwa kikachongwa upya kikawa kito kidogo, kikatiwa katika kidani kile. Lakini arusi ilikuwa imekwisha kupita, na binti alikwenda kwa mumewe shingo tupu. Mama hakutushukuru, wala hatukustahili shukrani. Ila mwaka uliofuata alimleta jirani yake, naye alikuwa na bangili mkononi.

Tangu siku ile tumejiwekea sheria nne, nazo twaziacha katika kitabu hiki kwa watakaotufuata. Ya kwanza, kila kitu hupimwa uzito, na rangi, ukubwa na kasoro za kito huandikwa na kusomwa mbele ya mwenyewe kabla hajatia sahihi. Ya pili, hatununui kwa mtu asiyejulikana wala asiyeeleza alikokitoa kitu chake, maana bei rahisi ya mali ya wizi humlipisha mnunuzi mara mbili. Ya tatu, moto haukaribii pete kabla kito hakijatolewa. Kadhalika lulu na marijani havitiwi siki wala tindikali, bali huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, na zumaridi haichemshwi, kwa kuwa nyingi zimetiwa mafuta kuficha nyufa zake. Ya nne, mnunuzi huambiwa kweli: kioo kiitwe kioo, na kilichochongwa upya kisemwe hivyo. Kioo kizuri chaweza kuuzwa kwa bei yake, wala hakina aibu. Aibu ni ya mwenye kukiita yakuti.

Ndugu wanachama, watu hutusifu kwa uzuri wa vidani vyetu. Sisi twaomba watusifu kwa daftari. Kila kito cha kale hutujia kikiwa na mkono wa mtu aliyekivaa, na anayetukabidhi hutukabidhi amana kabla ya mali. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeona kuwa heima nayo hupotea kwa njia ile ile, na yenyewe hainunuliki mnadani.