Sakafu ya Mbao Juu ya Vigae: Maji Kwanza, Mbao Baadaye
Mada kwa mafundi wa ujenzi wa Kisii na Nyamira



Mteja anayetaka mbao juu ya vigae kwa kawaida anakimbia baridi. Vigae vya kung'aa vinapendeza macho, ila asubuhi ya Nyansiongo huviwezi bila soksi. Swali lake la kwanza ni kama vigae ving'olewe. Mara nyingi hapana. Kigae kilichoshika vizuri ni kitako imara, na kukibandua ni vumbi, gharama na saruji iliyochimbika.

Tatizo letu ni maji. Nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na hata kati ya mvua ndefu na fupi ardhi haikauki sana. Tena tunajenga kwenye miteremko: kiwanja kinachongwa mlimani, ukuta wa nyuma unaegemea udongo mbichi. Chumba cha upande huo ndicho cha kupimwa kwanza. Tandaza nailoni ya mita moja kwa mita moja juu ya vigae, ziba kingo zote kwa utepe, uiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, au grauti imekolea rangi, mbao zisishushwe garini. Chimba mtaro nyuma ya nyumba, hata kama uliitwa kwa sakafu tu.

Kisha gonga kila kigae kwa mpini wa nyundo. Kinacholia kama debe tupu kimeachana na saruji. King'oe, ujaze pengo. Laza rula ya mita 2: bonde likizidi milimita 3 hivi, sawazisha.

Misumari itapasua vigae. Gundi nayo haishiki vyema uso unaong'aa mpaka ukwaruzwe kwa grainda na kuoshwa mafuta yote. Ndiyo maana napendelea sakafu inayoelea: nailoni, sponji nyembamba, halafu mbao zinazoshikana zenyewe kwa ulimi na mfereji, bila kufungwa chini. Acha milimita 10 hivi kando ya kila ukuta ili mbao zipate pa kutanukia. Skatingi itaficha mwanya huo, lakini ipigiliwe ukutani.

Kuhusu blugamu najua tutabishana. Imejaa kingo za mashamba yetu, na mteja hushangaa akiambiwa anunue mbao dukani. Lakini ubao uliopasuliwa wiki jana umejaa maji. Ukikauka hunywea zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na blugamu ni mkorofi kuliko miti mingi: hupinda, hupasuka ncha. Mbao za sakafu hutakiwa kubaki na unyevu wa asilimia 8 hadi 12, na kuzipanga chini ya mabati wiki mbili hakufikishi huko. Kama huna tanuri wala kipimo cha unyevu, blugamu ibaki kwenye nguzo na kuni za viwanda vya chai.

Milango husahaulika. Lamineti ya dukani ya milimita 8 pamoja na sponji huinua sakafu kama sentimita moja. Mlango wa mbao utaurandia chini. Wa chuma unaofungukia ndani utahitaji fundi wa kuchomelea. Pima kabla ya kutaja bei.

Halafu deki. Nyumba zetu hupigwa deki kwa ndoo na sabuni, maji yakitiririka hadi mlangoni. Vigae vinavumilia. Lamineti, ambayo moyo wake ni unga wa mbao ulioshindiliwa, hufura kwenye viungo na hairudi tena. Jikoni, bafuni na pale viatu vya matope huingilia, acha vigae vilivyopo. Kwingineko, siku ya kukabidhi, usiongee na mwenye nyumba peke yake. Mwite anayepiga deki, umkamulie kitambaa mbele yake mpaka kisidondoke. Na sharti hilo la kitambaa kilichokamuliwa liandikwe kwenye makubaliano kabla ya malipo ya kwanza.