Kutoka Moshi hadi Arusha kwa Njia ya Mahekalu

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma)



Kutoka Moshi hadi Arusha ni mwendo wa kilomita 80 hivi, na mwenye haraka huumaliza kabla ya chai ya saa nne. Msafiri aliyekusudia kuzuru mahekalu ya Wahindu katika miji hiyo miwili hana sababu ya haraka. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, ikafika Arusha mwaka 1929. Pamoja nayo walikuja wenye maduka, wengi wao watu wa Gujarati, na penye maduka yao hapakukosa nyumba ya ibada.

Hekaluni mgeni huvua viatu mlangoni, na aghalabu huondoka na kipande cha kitu kitamu kilichokwisha kutolewa sadaka. Watu wetu wamezoea kumwita kila mwenye asili ya India Baniani. Hilo ni kosa la kusahihishwa darasani: Singasinga, Ismailia na Bohora wana nyumba zao za ibada.

Karibu na Usa River ipo njia ya kulia, na hapo safari huacha ratiba. Njia hiyo hupita Momella hadi Ngare Nanyuki. Katika maandiko ya Kihindu, Meru ni mlima wa dhahabu ulio kitovu cha dunia. Mlima wetu, wenye meta 4,566, unaitwa kwa jina la Wameru wenyeji wake. Kufanana huko ni sadfa tu. Hata hivyo, Mhindi anayeutazama kutoka Momella hawezi kukosa kushituka. Naye Mmeru hushitushwa na jambo jingine: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza watu wapatao 3,000 katika ardhi hiyo ili wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kulishitaki jambo hilo mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule, ila nchi nzima ilisikia.

Jioni msafiri huingia Arusha, taa za ibada zikiwashwa. Sheria ya Kutwaa Majengo ya mwaka 1971 ililenga nyumba za kupangisha, na kukomesha unyonyaji wa kodi kulikuwa haki. Lakini wapo waliochanganya mwenye nyumba na muumini, wakamcheka mtu kwa sababu ya sanamu zake. Hao hawakuwa wakitekeleza sheria yoyote. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu, wala haimbagui mwenye duka.

Walimu wa Arusha hawahitaji fungu la safari, kwani hekalu limo mjini. Linalotakiwa ni kuwapa wazee wa hekalu taarifa mapema, na kuwakumbusha wanafunzi wavae soksi zisizotoboka.