GHARAMA ZA KUTENGENEZA MOTAKAA KWA MAWAKALA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Wengi wetu tulio na motakaa tumezipata kwa mkopo unaokatwa katika mshahara kila mwezi. Mkopo huo twaujua mwisho wake. Tusiloujua mwisho wake ni ankara ya karakana ya wakala, na hiyo ndiyo tuliyoombwa kuinena leo.

Mwanachama mwenzetu mmoja alipeleka gari lake kubadilishiwa breki. Alilikabidhi saa tatu asubuhi, akangoja barazani, akarudishiwa saa tano; ankara ikasema kazi ya saa nne. Alipouliza hakutukanwa, bali alionyeshwa kitabu. Maana mawakala wengi hawahesabu saa za ukutani, huhesabu saa za kitabu, ambamo kila kazi imeandikiwa muda wake. Fundi hodari akimaliza mapema, faida si ya mwenye gari. Akichelewa, ni kweli, hasara nayo si ya mwenye gari. Lakini afanyaye kazi ile ile kila siku ni nadra kuchelewa.

Haki tuiseme. Wakala ana pango, mafunzo ya mafundi, na mitambo ya kusomea kompyuta ya gari, navyo vyote vimo katika bei. Tena mtengenezaji akitangaza kwamba magari fulani yana kasoro na yarudishwe, kazi hiyo hufanywa bure kwa wakala. Tangazo la namna hiyo lisilazwe katika mtoto wa meza.

Kinachotufunga zaidi ni hofu ya kwamba fundi mwingine akiligusa gari, dhamana imekufa. Marekani, sheria ya mwaka 1975 yamkataza mtengenezaji kuifunga dhamana kwa vipuri au huduma za jina lake, isipokuwa avitoe bure. Afrika ya Kusini, Tume ya Ushindani ilitoa miongozo iliyoanza tarehe 1 Julai 2021, yenye kumpa mwenye gari nafasi ya kwenda kwa fundi amtakaye hali dhamana ingali hai. Sisi yatupasa tuisome hati yenyewe neno kwa neno, kama tusomavyo waraka wa serikali. Na magari yetu mengi yalitoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika: hayo dhamana gani yaiogopee?

Basi kabla boliti moja haijafunguliwa, tudai makadirio kwa maandishi, saa ngapi na kila saa shilingi ngapi, na kipuri kikuukuu tukabidhiwe. Bei ya kipuri iulizwe pia Gerezani, au kwa walio Nairobi, Barabara ya Kirinyaga. Ila vya breki na usukani visinunuliwe kwa urahisi wa bei tu, kwani vya bandia vimejaa.

Twaomba kila mwenye ankara ya wakala amletee Katibu nakala yake kabla ya mkutano ujao, jina likiwa limefutwa, ili kazi ya namna moja ilinganishwe bei.