Zebaki Itaondoka, na Msaidizi Je?

Wasikilizaji wetu, habari za mkutano wa Geneva mmekwisha kuzipata, na hapana haja ya kuzikariri: mataifa yaliyofungamana katika Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, nasi Tanzania tukiwa miongoni mwao, yameafikiana kwamba ufikapo mwaka 2034 matumizi ya mchanganyiko wa zebaki katika kuziba meno yakomeshwe. Wako waliofurahi, na wako walionung'unika kwa kuhofu gharama, na kila upande una hoja zake, wala sisi hatukusudii kuhukumu baina yao. Kilichotushughulisha tangu habari hizo zilipotufikia ni kwamba katika maneno yote tuliyoyasikia, ya madaktari na wagonjwa, ya mazingira na bei, hatukusikia hata neno moja juu ya mtu ambaye kwa miaka yote hii ndiye aliyekuwa akiitayarisha zebaki hiyo kwa mikono yake, naye ni msaidizi wa daktari wa meno.

Kila aliyepata kukaa katika kiti kile, kinywa wazi na macho yameelekea taa, amemwona pembeni mtu huyo, aghalabu mwanamke, akishika mrija unaonyonya mate, akipokea koleo lenye damu kwa mkono mmoja na kutoa chombo safi kwa mkono wa pili pasipo kuambiwa, kisha mgonjwa akiinuka humshukuru daktari na kwenda zake. Zamani, kabla ya kuja vidonge vinavyotikiswa na mashine, yeye ndiye aliyekuwa akiisaga zebaki pamoja na unga wa fedha katika kinu kidogo, na kuukamua mchanganyiko huo ndani ya kitambaa ili iliyozidi itoke. Na zebaki, kama wanavyothibitisha wataalamu, hutoa mvuke wake wa sumu hata pasipo moto. Nani alimfundisha hadhari? Nani alimwambia kwamba mabaki yale hayatupwi katika beseni, bali huwekwa ndani ya chupa yenye kifuniko? Mara nyingi hapana mtu. Aliingia kazini kwa kufagia sakafu na kupanga mafaili, akasimama, akatazama, akaambiwa siku moja avae glavu. Tumesema mara nyingi katika kituo hiki, na leo twasema tena: kutazama si kufundishwa.

Sasa zebaki inaondoka, na wengi wanadhani kwamba kuondoka kwake ni kubadili kopo moja kwa kopo jingine. Sivyo. Zebaki, pamoja na madhara yake yote, ilikuwa na subira: ilistahimili unyevu, ilimsamehe mwenye haraka. Vitu vinavyochukua nafasi yake havina subira hiyo. Ile saruji nyeupe ya meno hukorogwa juu ya kipande cha karatasi kwa mwiko mdogo, unga kwa kioevu chake, kwa muda wa nusu dakika hivi, na ni lazima iingie katika tundu la jino ingali inang'aa, kwani ikipoteza mng'ao wake haishiki tena, na jino lililozibwa kwa saruji iliyofifia litazibuka mapema. Unga ukizidi haishiki jinoni, kioevu kikizidi haina nguvu. Na ile kompositi inayogandishwa kwa taa ya buluu hutaka jino kavu kabisa, hata tone moja la mate likiingia kazi yote imeharibika. Daktari ana mikono miwili tu. Atakayelinda ukavu wa jino, na atakayekoroga saruji kwa kipimo na kwa wakati wake, ni yule yule tuliyemwacha ajifunze kwa kutazama.

Tena saruji hiyo si mgeni kwetu. Katikati ya miaka ya 1980 ni hapa hapa Tanzania palipoanzwa ile njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono, pasipo mashine wala umeme, kisha kuziba jino kwa saruji inayoshikamana nalo, njia ambayo Shirika la Afya Duniani liliipigia mbiu mwaka 1994. Na ile harufu inayompokea mgonjwa mlangoni, ambayo huwatia watoto hofu, ni harufu ya mafuta ya karafuu, yanayochanganywa na unga wa zinki ili kulituliza jino linalouma. Karafuu imekwisha kuingia katika vyumba vya madaktari ulimwengu mzima. Kijana wa Pemba aliyeianika juani bado amesimama nje.

Kazi ya msaidizi nayo si jambo la jana. Huko New Orleans, Marekani, daktari C. Edmund Kells alimwajiri mwanamke kuwa msaidizi wake mwaka 1885, na miongoni mwa manufaa yake ni kwamba wanawake waliokuwa wakiona haya kukaa faraghani na mwanamume waliweza kuja kutibiwa. Watu wa pwani, tunaojua maana ya stara, tulipaswa kulifahamu jambo hilo kabla ya watu wa New Orleans.

Muhimbili imekuwa ikifundisha madaktari wa meno tangu mwaka 1979, na matabibu wa meno nao wana vyuo vyao. Msaidizi, aghalabu, chuo chake ni kuta nne za chumba alichoajiriwa. Tulinung'unika zilipoletwa mashine mpya za eksirei, tukanung'unika vilipofunguliwa viti vipya vya kutibia, na manung'uniko yetu ni yale yale: vitu hupokewa kwa utepe na hotuba, na mtu wa kuvitumia hukumbukwa vikiharibika. Vyombo vya kinywani hutaka kuoshwa, kufungwa, na kukaa katika mvuke ulioshindiliwa wa digrii 121 kwa muda wote uliowekwa, na anayekatisha muda huo kwa sababu foleni ni ndefu huleta hatari ya homa ya ini kwa mgonjwa afuataye na kwa nafsi yake. Hilo nalo msaidizi amelitazama tu. Kutazama si kufundishwa!

Basi wakubwa wa Wizara ya Afya, amkeni! Mwaka 2034 hauko mbali. Mpeni msaidizi mtaala, mpeni mtihani, mpeni cheo na mshahara unaolingana na cheo hicho, na kabla ya yote hayo mpeni chanjo ya homa ya ini. Madaktari, msimwite kwa kidole. Mfundisheni kila wiki mpaka apate nafasi chuoni. Nawe mkuu wa hospitali unayetia saini leo hati ya kuagiza saruji nyeupe, andika katika hati hiyo hiyo jina la msaidizi utakayempeleka kusoma, tarehe ya kuondoka kwake, na ni nani atakayeshika mrija wake mpaka arudi.