Kamera ya Kwanza kwa Mkaazi wa Pwani

Leo tunazungumza na wewe unayetaka kununua kamera ya DSLR kwa mara ya kwanza, hasa iliyokwishatumika.

Usitishwe na wingi wa megapikseli. 24 zinatosha hata kwa picha kubwa ya kutundika sebuleni. Uliza shata, yaani pazia linalofunguka kila unapopiga picha, imeshapiga mara ngapi. Ya Nikon D3300, kwa mfano, ilijaribiwa kiwandani kwa mipigo 100,000. Kisha chomoa lenzi, imulike kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Mrudishie muuzaji, hata akikupunguzia bei.

Kuvu ndiyo adui wetu sisi wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja. Inapenda unyevu, giza na hewa iliyotuama, yaani ule mkoba uliofungiwa kabatini tangu harusi ya mwaka jana. Hifadhi kamera kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe vikichoka. Ukitoka kwenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, iache kwanza mkobani kama nusu saa, isije ikashika mvuke.

Vumbi litoe kwa pampu ndogo ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yataacha madoa. Unapobadilisha lenzi, zima kamera na uielekeze chini. Sensa, ile sehemu ya ndani inayonasa picha, usiiguse kwa kitambaa wala kidole. Hiyo kazi mwachie fundi.