Kusamehe na Kurudisha: Upande wa Msamaha Tuliouacha

Mada kwa semina ya wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi vya usharika



Kichwa nilichopewa ni kipana: maisha ya haki na msamaha ya Mkristo. Naomba niende moja kwa moja mahali panapotuuma. Msamaha tunauhubiri sana katika sharika zetu, lakini tunamhubiria mtu mmoja tu, yule aliyeumizwa. Mjane amenyang'anywa shamba na shemeji zake. Anaitwa barazani, anasomewa Mathayo 18, anakumbushwa saba mara sabini, anashikana mikono na shemeji, tunafunga kwa sala. Shamba linabaki kwa shemeji. Jumapili shemeji yuko kwenye kwaya, na mjane akionekana amekunja uso tunasema ana uchungu moyoni, aombewe.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba tumemtwika aliyekosewa mzigo wote, na aliyekosa tumemwacha aende mikono mitupu. Biblia haifanyi hivyo.

Tuanze na hiyo hiyo Mathayo 18, kwa kuwa tunaikata vibaya. Swali la Petro, nimsamehe ndugu yangu mara ngapi, liko mstari wa 21. Kabla yake, kuanzia mstari wa 15, Yesu ameshatoa utaratibu: ndugu akikukosea, mwendee mkiwa wawili tu, asiposikia, nenda na mtu mmoja au wawili, akikataa, liambie kanisa, akilikataa hata kanisa, hawezi tena kuhesabiwa kama mwenzenu. Utaratibu huo haumruhusu mtu kufunika kosa. Luka 17:3 ni fupi na wazi zaidi: yumo wa kuonya, yumo wa kutubu, yumo wa kusamehe. Sisi tumeruka wawili wa kwanza.

Kisha unakuja mfano wa mtumwa asiyesamehe, aliyefutiwa deni la talanta 10,000 na mfalme, kisha akakataa kumsamehe mtumwa mwenzake dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama wale wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Talanta 10,000 basi ni siku milioni 60 za kibarua, deni ambalo hata ukoo mzima usingelilipa. Hapo wahubiri wengi husimama, na wako sawa. Ila zile dinari 100 za mtumwa wa pili tunazipita haraka, tunaziita vijisenti. Si vijisenti. Ni ujira wa miezi mitatu na zaidi. Kwa mtu anayelima vibarua, hiyo ni ada ya shule, ni mbolea, ni chakula cha nyumba nzima. Yesu hakumwambia aliyekosewa kwamba alichopoteza ni kidogo. Alikitaja kwa ukubwa wake, kisha akamwonyesha deni lake mwenyewe lililofutwa. Kwenye meza ya usuluhishi hilo lina uzito. Mzee anayemwambia mama mwenye jicho lililovimba kwamba hayo ni mambo madogo ya nyumbani amemkosea mara ya pili, tena kwa jina la Bwana.

Kuna jambo jingine katika mfano huo ambalo sisikii likisemwa. Mfalme alifuta deni lililokuwa lake. Fedha ilikuwa yake, hasara ikawa yake. Baraza la wazee haliwezi kufuta deni la shamba la mjane, kwa sababu shamba si la baraza. Tunaweza kumwomba, tunaweza kumsindikiza, tunaweza kungoja. Kusamehe kwa niaba yake hatuwezi.

Sasa kazi ya aliyekosa. Hesabu 5:7 inamtaka mtu aungame, arudishe alichochukua chote, kisha aongeze sehemu ya tano yake, na ampe yule aliyemkosea. Aliyechukua laki tano anarudisha laki sita. Walawi 6 inasema vivyo hivyo, na inaweka kurudisha kabla ya sadaka ya hatia kufika kwa kuhani. Kutoka 22 inamtoza aliyeiba kondoo na kumchinja kondoo wanne, na aliyeiba ng'ombe watano. Ndiyo maana Zakayo, katika Luka 19, aliposema atarudisha mara nne hakuwa anabahatisha namba. Mtoza ushuru huyu alijipima kwa kipimo cha mwizi wa kondoo.

Najua kuna ndugu hapa, Walutheri wazuri, watakaoinua mkono: tunaokolewa kwa neema, mbona unaturudisha kwenye matendo? Angalieni mpangilio wa kisa chenyewe. Yesu alijialika kwa Zakayo kabla Zakayo hajaahidi hata senti moja. Neema ilitangulia, ikaingia nyumbani, na ilipoingia sanduku la fedha likafunguka lenyewe. Wasiwasi wangu ni juu ya neema tunayosema imeingia nyumbani wakati sanduku lingali limefungwa.

Mwingine atasema Yesu msalabani aliwaombea ambao hawajatubu, na Stefano pia. Ni kweli, na hapo hatuna ruhusa ya kupunguza. Mkristo anaweza kuuachilia moyo wake kabla adui hajasema neno, na wengine miongoni mwenu mmefanya hivyo. Lakini moyo ulioachilia ni jambo moja, na kukaa tena meza moja ni jingine. Yusufu alijitenga kulia alipowaona kaka zake Misri, na bado hakujitambulisha hadi Yuda alipojitoa kubaki mtumwa badala ya Benyamini. Yusufu alitaka kujua kama waliomuuza ndugu mmoja wangemwacha na wa pili. Hakuna anayemwita Yusufu mtu wa kisasi.

Haya si mageni kwetu, na hapa nitakaa kidogo. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika moto kwenye misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda, Bukoba na Kenya, ulikuwa na alama mbili. Ya kwanza ni kuungama mbele za ndugu, kile wenyewe walichokiita kutembea nuruni. Ya pili ni kurudisha. Watu walirudisha vitu vya waajiri, vya majirani, hata vya serikali ya kikoloni, na wakati mwingine aliyerudishiwa hakujua kama aliibiwa. Waliochekwa kwa jina la Balokole, yaani waliookoka, majirani zao waliujua wokovu wao kwa vilivyorudi mlangoni kabla ya kuujua kwa nyimbo. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alilelewa katika mkondo huo. Sisi wajukuu tumerithi wimbo wa Tukutendereza na ushuhuda. Kurudisha tumekuacha njiani.

Watu hao hao walionyesha kwamba kusamehe si kunyamaza. Wakati wa vita vya Mau Mau ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo, na wengi wakakataa pia kubeba bunduki za serikali. Wakashukiwa na pande zote mbili, na wako waliouawa. Uganda, Februari 1977, maaskofu wa Kianglikana wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum walimwandikia Idi Amin wakilalamikia mauaji na uonevu wa askari wake. Tarehe 16 ya mwezi huo Luwum akauawa. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alitoroka na mkewe usiku, kwa miguu, hadi Rwanda, na mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Mtu huyo alikuwa ametia sahihi malalamiko, na ndiye aliyesamehe. Asingekuwa amelitaja kosa, upendo wake ungekuwa woga uliovaa kanzu.

Kisha inatubidi kuitazama Rwanda ya 1994. Nchi iliyowasha Uamsho, yenye Wakristo wengi mno, iliua watu wake kwa siku mia moja, na wengine waliuawa ndani ya makanisa waliyokimbilia, kama Ntarama na Nyamata. Sitaki kulipitia hilo kwa maelezo mepesi. Ninachoweza kukichukua kwa mada yetu ni kilichofuata. Mahakama za kijamii za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni 2, na nyingi zaidi hazikuwa za mauaji. Zilikuwa za mali: ng'ombe, mabati, mavuno. Wengi waliosema wanaomba msamaha hawakulipa, wengine kwa umaskini, wengine kwa kutotaka. Mnyarwanda aliyenusurika amesikia maneno ya toba, kisha kila asubuhi anapita mbele ya nyumba iliyoezekwa kwa mabati yake. Tukimwambia asamehe, tujue tunamwomba nini.

Turudi nyumbani kwetu Tanzania. Makosa mengine si ya kumalizwa na wazee hata kidogo, na hapa nitasema bila kupamba. Mtoto akinajisiwa, hakuna kikao cha familia, hakuna mbuzi wa fidia, hakuna sala ya upatanisho sebuleni. Kuna dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, kuna fomu ya PF3, kuna hospitali, siku hiyo hiyo. Msamaha, ukija, utakuja baadaye na kwa hiari ya aliyeumizwa, wala haufuti kesi. Vivyo hivyo mke anayepigwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Baraza letu la usuluhishi wa ndoa lipo kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo. Kwa hiyo tunapomrudisha mke kwenye nyumba ya hatari kwa kutumia mstari wa Biblia, tunavunja Biblia na sheria kwa pamoja.

Kuhusu nidhamu ya kanisa nina ombi moja. Tunapompokea mtu anayerudi kundini tunamuuliza kama ametubu, tunamwombea, anarudishwa mezani pa Bwana. Tuongeze swali la pili kabla ya sala: umerudisha nini, na kwa nani? Kama ni fedha, iandikwe atalipaje na lini, na aliyekosewa awe na nakala. Kama ni jina la mtu alilolichafua, alisafishe mbele ya wale wale waliomsikia akilichafua. Mathayo 5 inamtaka mtu aache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza. Sisi tunaipokea sadaka kwanza, hasa ikiwa nene.

Kwa vikundi naacha kisa kimoja. Nimekitunga, ila najua hamtashindwa kukitambua. Mhazini wa kikoba amekula akiba ya wenzake. Ameungama mbele ya usharika, amelia, na hakuna anayetilia shaka machozi yake. Hana kitu. Mkewe ana ng'ombe mmoja wa maziwa aliyemnunua kwa fedha za mgahawa wake mwenyewe, na wanakikundi wanataka ng'ombe huyo auzwe walipwe. Baadhi ya wanaomdai ni wajane. Andikeni mtakachomwambia mhazini, mtakachowaambia wanakikundi, na mtakachomwambia mke. Tutakapokutana tena baada ya chakula, tutaanza na mke, maana yeye ndiye ambaye kwa kawaida hatumuulizi.