Ushahidi Usiofukuliwa: Ukatili wa Kingono wa Vita na Haki ya Mpito katika Mwambao wa Rumonge



Mwambao huu wa Rumonge, hapa Burundi, umebeba mengi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliwaua Watutsi, na Wahutu waliokataa kujiunga nao. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima. Watu wengi walikimbilia Tanzania, na mashamba yao ya michikichi yakapata wamiliki wapya. Kisha Rais Melchior Ndadaye akauawa Oktoba 1993, vita vikaanza.

Kwa ardhi na kwa wafu tumeunda vyombo. Tume ya kusuluhisha migogoro ya ardhi iliundwa mwaka 2006. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyotungiwa sheria mwaka 2014, imefukua makaburi ya halaiki. Mwaka 2020 ilitangaza kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000 huko Karusi, karibu na mto Ruvubu. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini ubakaji hauachi mifupa ya kufukua. Ushahidi wake mkuu umo katika kumbukumbu ya aliyetendewa. Kaburi linaweza kusubiri miaka 50. Msichana aliyebakwa mwaka 1972 akiwa na miaka 20 leo amevuka 70, na akifa bila kuulizwa anazikwa na ushahidi wake. Hoja yangu leo ni hii: ushahidi huo ukusanywe sasa, nao ukusanywe kwa namna itakayosimama mahakamani bila kumuumiza tena mwenye nao.

Historia ya karibu inatufundisha. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, alipofikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusu Rwanda kule Arusha, hati yake ya kwanza ya mashtaka haikuwa na kosa lolote la kingono. Mashahidi waliokuja kueleza mengine ndio waliosimulia ubakaji. Hati ikarekebishwa Juni 1997, na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ikamtia hatiani, ikitamka kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mateso ya wanawake wa Taba yalikuwapo tangu mwanzo; yaliyokosekana ni maswali.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya ziwa letu, Tanganyika. Tarehe 1 Januari 2011 askari wa jeshi la Kongo walivamia mji wa Fizi, wakapora na kubaka. Mahakama tembezi ya kijeshi ilikwenda Baraka, kwenye mwambao unaotazamana na huu. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Tarehe 21 Februari mwaka huohuo, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hazikupita siku 60. Mahakama iliwafuata mashahidi walipo, na ushahidi haukuishia kwa askari mmoja mmoja, ulipanda hadi kwa kamanda.

Basi ushahidi ukusanywe vipi?

Kwanza, afya hutangulia faili. Aliyebakwa leo anahitaji dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72. Ndiyo maana kituo cha Seruka cha kuwatibu waliobakwa mjini Bujumbura, kilichoanzishwa mwaka 2003 wakati vita vikiendelea, ni nguzo ya haki pia. Na asiye na cheti cha daktari asifukuzwe: kanuni za mahakama ya Arusha hazikudai ushahidi wa kuthibitisha maneno ya manusura.

Pili, ridhaa iwe ya kweli na ya hatua kwa hatua. Mama anaweza kukubali kusikilizwa na Tume ya Ukweli akakataa mahakama. Anaweza kukubali leo na kujiondoa kesho. Jina lake likae mbali na simulizi yake, faili litambulike kwa namba.

Tatu, aulizwe mara moja, na aulizwe vizuri. Kila shirika likija na daftari lake, mtu husimulia jeraha lilelile mara nyingi, na tofauti ndogo kati ya simulizi zake hugeuzwa silaha na wakili wa upande wa pili. Kanuni za Murad, zilizozinduliwa mwaka 2022 kwa jina la manusura Nadia Murad wa Iraki, zinasisitiza jambo hilohilo: kwanza jiulize kama mahojiano yanahitajika kabisa.

Nne, wanaume na wavulana waulizwe pia. Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa juu ya Burundi, iliyofanya kazi kuanzia 2016 hadi 2021, ilieleza ukatili wa kingono dhidi ya wanaume waliokuwa kizuizini. Fomu isiyo na nafasi yao imekwisha kuwanyamazisha.

Baada ya kukusanya huja uchambuzi. Simulizi moja inathibitisha kosa. Simulizi nyingi zikipangwa kwa tarehe, mahali, sare, lugha, maneno yaliyotamkwa na amri zilizosikika, huonyesha kama kulikuwa na mpango. Hapo ndipo ubakaji unapotambulika kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mchambuzi atenganishe aliyeona na aliyesimuliwa, wala asichague wahanga kwa kabila. Mwaka 2004 Amnesty International ilipoandika juu ya ubakaji nchini Burundi, ilitaja askari wa serikali na waasi pia. Faili la upande mmoja ni mbegu ya kisasi.

Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulituahidi ukweli na mahakama. Mahakama maalumu ya Burundi haijaundwa hadi leo. Faili lililotunzwa vizuri, hata hivyo, huisubiri mahakama, mtu hawezi.

Ninaiomba Tume ya Ukweli na Maridhiano iwe na kitengo cha ukatili wa kingono chenye wahojaji wanawake waliofunzwa, kianze na wazee wa 1972. Ninawaomba wanasheria vijana wajifunze kazi hii. Na ninyi ndugu wa familia, mama akianza kusema msimnyamazishe kwa kuogopa aibu. Aibu ni ya aliyetenda.